Hotuba ya Atomu na Chungu Kilichobaki Kimejaa

Hotuba yangu ya kwanza juu ya atomu, ambayo namshukuru Mungu ndiyo iliyokuwa ya mwisho, niliitoa katika kanisa letu la mabati karibu na Marani, Sabato moja alasiri mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kuitoa kulichukua dakika arobaini. Kuiondoa vichwani mwa watu kulichukua karibu mwaka mzima, na hata leo sina hakika kama imetoka yote.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu huko Nairobi, nikisoma fizikia. Kijijini hakuna aliyejua fizikia ni mnyama gani. Mama aliwaambia wenzake sokoni kwamba nasomea udaktari, kwa kuwa hakuona kitu kingine ambacho kingemfanya mtu mwenye akili timamu aiache chai bila kuchumwa. Baba, aliyekuwa karani katika ofisi moja mjini Kisii na asiyependa kusema uongo, alisema nasomea "mambo ya nguvu". Watu wakadhani nitakuwa mhandisi wa barabara, wakaanza kunionyesha mashimo.

Mzee wa kanisa ndiye aliyeniomba niseme machache. Alikuwa mtu mrefu, msafi, mwenye sauti ya kuamrisha, aliyefanya kazi miaka mingi katika shamba la ng'ombe wa maziwa la mzungu mmoja huko Nyansiongo kabla ya uhuru. Huko alijifunza mambo mawili: kufika kwa wakati, na kutomwamini mtu yeyote aliyeshika kalamu. Alinipa dakika kumi.

Ningeweza kusema ukweli, kwamba nilikuwa nimefeli mtihani mmoja na kupita mingine mitatu kwenye tundu la sindano. Badala yake niliwaambia kwamba kila kitu, kuanzia mgomba hadi mhubiri, kimejengwa kwa chembe ndogo. Kwamba katikati ya kila chembe kuna kiini. Na kwamba ukiifanya chembe iwe kubwa kama kiwanja cha mpira, kiini chake kitakuwa kama punje ya wimbi iliyodondoka katikati ya kiwanja. Nikawaambia kuna viini visivyotulia, vinavyotupa mionzi ambayo haionekani, hainuki wala haisikiki. Nikawaambia habari za mabomu mawili ya Japani. Kanisa likanyamaza. Hata watoto wachanga walinyamaza. Mhubiri wetu hakuwahi kupata kimya kama kile alipohubiri juu ya siku ya mwisho, nami nikalewa, mimi ambaye sijawahi kuonja pombe.

Ndipo mzee wa kanisa akainua mkono.

"Kijana, mtu akipigwa na hiyo mionzi, asife, akarudi nyumbani kwake. Anakuwaje?"

Jibu sahihi lilikuwa "inategemea". Jibu la unyenyekevu lilikuwa "sijui". Mimi nikasema, "Mzee, anakuwa kama chuma kilichotolewa motoni. Moto umebaki kule, lakini ukikigusa, kinakuchoma."

Watu wakatikisa vichwa polepole. Hakuna mmoja wao ambaye hakuwahi kumwona mhunzi akiwa kazini. Walinielewa, na hilo ndilo lililokuwa balaa. Ni mara chache sana mwanafizikia hueleweka, na mimi nilieleweka barabara kwa jambo ambalo, kwa mionzi mingi iliyo na faida kwa binadamu, si kweli hata kidogo. Kuna mionzi ya aina moja inayoweza kukifanya kitu kingine nacho kitoe mionzi, ndani ya matanuri makubwa ya nyuklia ambayo sikuwa nimeyaona hata kwenye picha ya rangi. Habari za matanuri hayo sikuzitaja. Zingeharibu sentensi.

Mtu mmoja tu ndiye aliyecheka, naye ni nyanya yangu, mama yake baba.

"Mume wangu," aliniambia tukirudi nyumbani, "umewatisha vizuri. Hata mimi nusura nitubu."

Lazima nieleze hilo la mume. Kwetu Wagusii kuna adabu iitwayo chinsoni. Mzazi na mwanawe, mkwe na mkwe, hao hawataniani, na yako maneno ambayo hawawezi kuyatamka wala kuyasikia wakiwa pamoja, hasa yanayohusu mwili kuanzia kiunoni kwenda chini. Lakini nyanya na mjukuu hawana ukuta huo kati yao. Aliniita mume, nikamwita mke wangu mkubwa. Alinisimanga mbele za watu kwa kuwa sijamjengea nyumba, nami nikamsimanga kwa kuwa mapengo yake yameniharibia sifa. Hakuna aliyeshtuka. Ndivyo mambo yalivyopangwa na watu waliojua kwamba siku moja mtu atahitaji kusema jambo, na lazima awepo wa kuambiwa.

Siku hiyo ilifika likizo ya Agosti. Nyanya aliniita jikoni kwake akasema bila kuzunguka, "Mume wangu, ile damu ya usichana imenirudia. Nilidhani tuliagana zamani."

Baba na mimi tukampeleka hospitali ya misheni. Daktari alimpima, kisha akatuita sisi wawili. Alipotamka neno "kizazi", baba alisimama, akasema anatoka kidogo kuangalia gari. Hatukuwa na gari. Tulikuwa tumekuja kwa basi. Nilimwona kupitia dirishani, amesimama uani na kofia mkononi, akiangalia mahali ambapo gari lingekuwa, kama tungekuwa nalo. Simlaumu. Hicho kizazi kilichokuwa kikizungumziwa ndicho alichotoka yeye.

Kwa hiyo daktari aliniambia mimi. Ilikuwa kansa ya mlango wa kizazi, bado haijaenda mbali. Kisu hakingefaa. Lakini hospitali kuu Nairobi ilikuwa na mashine yenye kipande cha kobalti ndani yake, kobalti ya aina ile isiyotulia, na mionzi yake ikielekezwa mahali penye ugonjwa huua seli mbaya. Nilimsikiliza kinywa wazi. Nilikuwa nimejaza madaftari mawili kuhusu kobalti hiyo hiyo, na hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia kwamba ina kazi.

Nilimweleza nyanya tukiwa tumeketi kwenye nyasi nje ya hospitali. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo," akasema, "watanipiga jua mahali ambapo jua halijawahi kufika."

"Kama hivyo."

"Hata babu yako alikuwa anazima taa kwanza."

Akakubali kwenda. Alikaa Nairobi kwa binamu yangu majuma kadhaa, nami asubuhi nilikuwa nikimsindikiza hospitali. Nilikosa mihadhara ya fizikia ya nyuklia ili nimpeleke nyanya kwenye fizikia ya nyuklia, na nadhani katika muhula ule wote hayo ndiyo masomo niliyohudhuria vizuri. Damu ikakatika. Akaanza kula. Akaanza pia kumlalamikia binamu yangu kwamba ugali wa Nairobi ni mweupe kama mgonjwa.

Daktari wa Nairobi aliniita pembeni. Matibabu yalikuwa ya sehemu mbili, akasema. Sasa mama mzee aende nyumbani apumzike majuma matatu, mwili upate nguvu, kisha arudi kwa nusu ya pili. Akaniangalia machoni. Wengi hawarudi, akasema. Damu inakatika, wanadhani wamepona. Na nusu ya dawa hii ni kumchokoza nyoka bila kumuua.

Nilimweleza nyanya maneno hayo kama yalivyo, nikampandisha basi la Kisii.

Majuma mawili na siku kadhaa yakapita, kisha ikaja barua ya baba. Baba aliandika barua kama karani. Mvua imenyesha. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Nyanya yako amesema harudi Nairobi. Njoo. Chini kabisa, kwa penseli na kwa mwandiko mwingine, mama alikuwa ameongeza: "Watu wanasema anachoma."

Nilikaa kitandani bwenini na barua ile. Sikuhitaji kuuliza watu walitoa wapi maneno hayo.

Mhadhiri wangu alikuwa mtu mpole ambaye bado alinitarajia mema. Nilimweleza yote, akafungua kabati la maabara akanitolea chombo cha kuhesabu mionzi: kisanduku cha chuma cha rangi ya kijivu, chenye mpini, na bomba fupi la ukubwa wa tochi lililounganishwa nacho kwa waya. Kila mwonzi ukiingia ndani ya bomba, kisanduku hulia tik. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Ningeliweka bomba kwa nyanya mbele ya kijiji kizima, kisanduku kingekaa kimya, na watu wangeona aibu. Mhadhiri alinisindikiza hadi mlangoni akinihimiza nikijaribu kwanza peke yangu, mahali patulivu, kabla ya kukionyesha kwa watu. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, nikakimbilia basi.

Nilifika Ijumaa kabla jua halijatua, nimekipakata kisanduku kama mtoto. Nyanya alipaswa kuwa hospitali Jumatano. Nilimkuta jikoni kwake anapepeta wimbi.

"Mume wangu amerudi," akasema. "Usinikaribie sana. Mimi siku hizi ni chuma."

"Nani amekuambia hivyo?"

"Wewe."

Kisha akanieleza. Wanawake wa upande wetu walikuwa na chama cha kulimiana: leo shamba la huyu, juma lijalo la yule, na mwenye shamba ndiye anayewapikia wote siku hiyo. Zamu ya nyanya ilifika wiki moja baada ya kurudi kwake. Walikuja wote, hakuna aliyekosa. Wakalima hadi mwisho wa mstari wa mwisho, vizuri kabisa. Naye alikuwa amepika tangu alfajiri, ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu, aliyoichemsha kwa maziwa hadi ikalainika. Wakanawa mikono. Kisha mmoja akakumbuka ana mgeni nyumbani. Mwingine tumbo lilimsumbua tangu jana. Mwingine alikuwa amefunga na kuomba. Kiongozi wao, mjane mcheshi mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde, alisema tu, "Siku nyingine, mama," akiangalia chini. Wakaondoka na majembe yao. Chungu kikabaki kimejaa.

Kwetu unaweza kumwambia mwanamke kwamba shamba lake ni bovu, na mkabaki marafiki. Lakini ukilima shamba lake kisha ukakataa chakula chake, umemwambia kwamba amekwisha kufa, na wewe umekuja kulima kwa ajili ya matanga.

"Nilimpa mbwa," nyanya akasema. "Mbwa hajasoma, alikula."

"Nyanya, daktari alisema ukikosa nusu ya pili..."

"Nilisikia alichosema. Nyoka. Sasa nisikilize mimi. Nusu ya kwanza imenifanya nisile chakula na watu. Hiyo ya pili itanifanya nini? Wanikatalie salamu? Nikifa kwa huu ugonjwa, nitakufa nikiwa mtu. Sirudi kule nikawe jiko ambalo hakuna mtu wa kuliota."

Aliendelea kupepeta. Nilikuwa nimezoea kumwona akitania kila kitu, na kwa hiyo sikujua la kufanya na uso wake.

Kesho yake kanisani tulikalia benchi la watu sita tukiwa wawili. Baada ya ibada nilimfuata mzee wa kanisa nje, nikamweleza upya. Nikasema mashine ile ni kama tochi. Unamulika ukuta, ukizima tochi, ukuta hauendelei kuwaka. Nyanya ni ukuta. Ukuta haumchomi mtu.

Mzee alinisikiliza kwa heshima zote.

"Mwaka huu mwanzoni ulisema chuma."

"Nilikosea mfano, mzee."

"Sasa ni tochi."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unatudanganya wakati ule, au unatudanganya sasa?"

"Wakati ule," nikasema.

"Tukiwa ndani ya kanisa," akasema mzee, akavaa kofia yake.

Basi Jumapili baba aliwaita watu. Walikuja kama ishirini: wanawake wa chama cha kulimiana, mzee wa kanisa na mkewe, na majirani ambao hawangekosa fedheha ya mtu yeyote. Nyanya aliketi kwenye kigoda chake mlangoni. Watu walisimama upande wa pili wa uwanja, karibu na migomba, kama watu wanaongoja mvua ipite. Nikaweka kisanduku juu ya meza. Nikaeleza kwa sauti ya kitaalamu kwamba kifaa hiki hakina rafiki wala adui, na kwamba mahali ambapo hakuna mionzi, hunyamaza. Nikakiwasha.

Tik, kikasema.

Nilikuwa hatua kumi na tano kutoka kwa nyanya, nimeshika bomba limeelekea angani.

Tik. Tik tik.

Wale majirani wakarudi nyuma hatua moja, wote pamoja, kama kwaya. Nami nikakumbuka ukurasa mzima wa daftari langu, pamoja na mchoro, na swali la mtihani ambalo nililipata. Mionzi kidogo ipo kila mahali. Inatoka mbinguni, inatoka kwenye udongo, kwenye mawe, kwenye miili yetu wenyewe, tangu uumbaji, na haina neno. Hakuna mahali duniani ambapo chombo kile kitanyamaza. Hicho ndicho mhadhiri alichotaka nikione peke yangu, mahali patulivu.

"Inatoka ardhini!" nikasema. "Ni ya kawaida! Ipo hewani!"

"Kwa hiyo ameshaichafua mpaka hewa?" akauliza mtu.

"Hapana! Ilikuwepo kabla yake! Hata Marani ipo! Hata Kisii!"

"Imefika Kisii," mwingine akanong'ona.

Nilisema mengine mengi. Nilitaja nyota. Kadiri nilivyosema ndivyo migomba ilivyozidi kutikisika nyuma yao. Baba alikuwa anaangalia tena mahali pa gari. Mzee wa kanisa alikunja mikono akaniangalia kama alivyokuwa akiwaangalia, nadhani, wakamuaji waliotia maji kwenye maziwa. Nilihisi machozi yananijia, mimi mwanamume mzima niliyekwisha kutahiriwa, mbele ya wanawake wale wote. Sikukizima kisanduku. Nilisimama tu pale nacho kikilia.

Nyanya akainuka.

"Lete hiyo kitu," akasema.

Akaninyang'anya bomba, nami nikamfuata na kisanduku kwa kuwa waya ulikuwa mfupi. Akaliweka tumboni kwake. Tik. Tik tik. Tik. Akasikiliza, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Kisha akaliweka kwa ng'ombe mweusi, aliyekuwa amefungwa karibu na ghala. Tik tik. Tik. Akaliweka kwenye mgomba. Tik. Akaliweka kifuani pangu, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Na huyu pia."

Mtu mmoja akacheka, halafu akajizuia. Nyanya akawaendea. Wakataka kukimbia, lakini nani angemkimbia bibi kizee mbele ya wenzake? Akamfikia yule mjane, kiongozi wa chama.

"Wewe, simama. Ulisema siku nyingine. Leo ndiyo hiyo siku nyingine. Acha nilisikie hilo tumbo lililokataa chakula changu."

Tik tik tik. Tik.

"Yesu wangu," akasema mjane. "Mimi nina nyingi kuliko wewe!"

"Ni hicho kicheko chako. Kimekukusanyia."

Hapo uwanja ukapasuka. Mjane mwenyewe alicheka hadi akashika mgomba. Sasa kila mtu alitaka kusikilizwa, au alitaka mwenzake asikilizwe. Nyanya akapita kwao mmoja mmoja, akimtangazia kila mmoja ugonjwa wake: huyu ana deni la salamu, yule amemeza uongo wa kufunga na kuomba. Hatimaye akafika kwa mzee wa kanisa.

"Mimi sina haja," akasema mzee.

"Nyoosha mkono, baba. Ni kama salamu."

Akanyoosha mkono. Kwenye kifundo chake kulikuwa na saa kubwa ya chuma, zawadi aliyoachiwa na yule mzungu wa Nyansiongo alipouza shamba na kurudi kwao. Ilikuwa fahari ya kanisa letu. Ibada ilianza na kumalizika kwayo, na namba zake ziling'aa gizani kwa rangi ya kijani. Nyanya akalisogeza bomba.

Krrrrrrrrrrrrr.

Hakuna aliyecheka. Nyanya akaliondoa bomba; tik, tik. Akalirudisha. Krrrrrrrrrr. Kisanduku kilitatarika kama chapati inapotiwa kwenye mafuta.

"Ni saa!" nikasema haraka. "Mzee, ni saa tu. Zamani walipaka namba hizo rangi yenye radiamu, madini yatoayo mionzi, ndiyo maana zinang'aa. Imefunikwa na kioo. Usiifungue."

Mke wa mzee akapata sauti kabla ya mumewe. "Miaka yote hii nalala na hiyo kitu! Ananiwekea shingoni!"

Mzee aliivua kwa vidole viwili, akaishika mbali naye kama panya. Sauti ya kuamrisha ilikuwa imemwisha.

"Kijana. Mimi sasa ni chuma?"

Nakiri kwamba nilimwacha angoje kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha nikamwomba nyanya ausikilize mkono wa mzee bila saa. Tik. Tik tik. Mkono wa kawaida, wenye nywele.

"Mzee, umeivaa miaka mingi, na umeivua, na mkono hauna kitu. Saa ndiyo tochi. Wewe ni ukuta."

Mzee wa kanisa akawageukia watu. Akasafisha koo. "Kama nilivyoelezwa jana na huyu kijana," akasema, sauti ikirudi taratibu mahali pake, "jambo hili ni kama tochi na ukuta." Akalieleza lote, vizuri kuliko mimi, akiuonyesha mkono wake mtupu kama ushahidi. Tangu siku ile, katika eneo letu zima la Kitutu, hakuna mtu aliyeitetea fizikia ya tochi kwa nguvu kama yeye. Alikuwa na sababu.

Yule mjane hakungoja amalize. Aliingia jikoni kwa nyanya bila kukaribishwa, akatoka na viazi vitamu vya jana kwenye sahani, akaanza kula akiwa amesimama, akiwauliza wenzake kama wao wanasubiri hubiri la pili.

Jumatatu nyanya hakusema kitu kuhusu Nairobi, nami niliogopa kuuliza. Jumanne asubuhi nilimkuta amevaa gauni la Sabato, amefunga mzigo, amekaa kwenye kigoda, ananiuliza mimi, mwanamume niliyeoa hivi juzi, ninalala mpaka saa ngapi.

Jumatano tuliketi kwenye benchi refu nje ya chumba cha mashine, hospitali kuu. Mlango wa chumba kile ulikuwa mnene kama ukuta wa ngome. Nilikuwa na hotuba ndogo tayari, ya kujipongeza. Nikamwambia nimefurahi kwamba hatimaye kipimo kilimwondolea wasiwasi.

"Kipimo gani?"

"Kile kisanduku, nyanya. Tik tik."

"Ah." Akavuta leso yake mabegani. "Mimi sikuelewa chochote. Kilimlilia ng'ombe, kikamlilia mjane, kikamlilia mgomba. Kipimo kinachomlilia kila mtu ni kipimo gani hicho? Hata mganga wa uongo huchagua."

"Sasa kwa nini ulikubali kurudi?"

Akaniangalia, na safari hii hakuniita mume.

"Nilikuona umeaibika mbele ya watu wote, mpaka mdomo unatetemeka. Nikasema sasa atakimbia, kama baba yake anavyokimbiliaga lile gari. Hukukimbia. Ulisimama na hicho kisanduku chako kinakutukana. Nikasema, mtu akiaibika hivyo kwa ajili yangu, nikikaa nyumbani nife, aibu yake itakuwa ya bure."

Muuguzi akafungua mlango akaliita jina lake. Nikainuka naye, safari hii nikitaka kumsindikiza hadi ndani, lakini muuguzi akanizuia kwa mkono: mashine ikiwaka wote hubaki nje, akasema, hata yeye mwenyewe, mgonjwa pekee ndiye anayeingia.

Nyanya akaangalia mlango ule mnene, akaniangalia mimi, akamwangalia muuguzi.

"Kwa hiyo nyinyi mliosoma mnajificha," akasema, "na mimi nisiyesoma ndiye ninayeingia."

Akaingia.